Taa ya UV ipo, ozoni ipo, mbona maji ya bwawa yana ukungu?

Msomaji ameandika: "Tuna bwawa la nje la mita za ujazo 60. Watoto walikuwa wakitoka majini macho mekundu, ndipo fundi akatufungia taa ya UV na mtambo wa ozoni, akasema tuachane kabisa na klorini. Wiki za mwanzo maji yalikuwa maangavu ajabu. Sasa yana ukungu mweupe, hasa pampu inapozunguka, na kuta zinateleza ukizipapasa. Fundi anataka tununue taa yenye nguvu zaidi. Jirani anatushauri tumimine peroksidi ya haidrojeni. Tufuate ushauri wa nani?"

Ndugu msomaji, kwa sasa msinunue taa na msimimine peroksidi. La kwanza kabisa, watoto wasiingie majini mpaka klorini irudi na ipimwe. Kuta zinazoteleza maana yake bakteria wamekwisha kujijengea utando wa ute juu ya vigae, na ndani ya utando huo hukaa vijidudu wanaoleta maumivu ya masikio na vipele vya ngozi. Maji ya namna hiyo si salama hata yangekuwa maangavu kiasi cha kuona sarafu chini.

Vifaa mlivyonunua ni vizuri, na sitawaambia mvitoe. Shida ni kwamba mmevipa kazi isiyo yao. Taa ya UV, yaani ya mwanga wa urujuanimno, huua vijidudu ndani ya chemba yake tu, katika zile sekunde chache maji yanapopita mbele yake. Maji yakishatoka hapo hayabebi kinga yoyote. Ozoni nayo ni kali kuliko klorini, lakini haidumu: katika maji ya uvuguvugu huvunjika na kurudi kuwa oksijeni kwa dakika chache, kwa kawaida hata nusu saa haifiki huku nguvu yake ikiwa ile ile. Isitoshe, mtambo uliofungwa sawasawa hauachi ozoni ya maana ifike bwawani, kwa sababu muogeleaji hatakiwi kuivuta. Kwa hiyo bwawa lenyewe, mahali watu wanapoogelea, limebaki bila mlinzi.

Wengi hudhani kwamba maji yote hupita kwenye taa kila mzunguko. Tuseme pampu yenu inasukuma mita za ujazo 10 kwa saa. Kwa hesabu ya karatasi, bwawa la mita 60 linamaliza mzunguko kwa saa 6. Lakini maji yaliyosafishwa yanarudi bwawani na kuchanganyika na yale ambayo bado, kisha pampu inavuta mchanganyiko huo huo. Baada ya saa 6 ni kama asilimia 63 tu ya maji yaliyopita kwenye taa angalau mara moja. Mizunguko 2 inafikisha 86, mitatu 95, minne 98. Na hapo nimedhani maji yanachanganyika vizuri. Kwenye ngazi, kwenye kona na nyuma ya taa za ukutani, maji hutulia, na ndiko kuteleza huanzia. Ute ulioshika ukutani hautapita kwenye taa hata siku moja, uweke taa kubwa namna gani. Vivyo hivyo kijidudu kinachotoka kwa mtoto mmoja kumwingia mwenzake aliye karibu naye: hakizungukii kwanza chumba cha mashine.

Ndiyo maana nasema taa kubwa zaidi haitawasaidia. Kinachohitajika ni dawa inayobaki ndani ya maji, na kwa bwawa la nje lenye watoto mimi bado sijaona ya kuipiku klorini.

Sasa, mbona tena tuhangaike na UV? Kwa sababu klorini ina udhaifu wake. Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijafungamana na uchafu, ikiwa miligramu 1 kwa lita na pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiwa sawa, humaliza bakteria wa E. koli kwa chini ya dakika 1. Lakini kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, kinacholeta kuhara kwa siku nyingi, huvumilia kiwango hicho kwa zaidi ya siku 10. Filta ya mchanga haikikamati pia, maana kina upana wa mikroni 4 hadi 6 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na mchanga wa kawaida hushika vitu vya mikroni 20 hadi 40. Mbele ya mwanga wa nanomita 254, yaani ule wa taa ya UV, kimelea hicho hicho ni dhaifu: dozi ya milijuli 12 kwa kila sentimita ya mraba inatosha kupunguza wanaoweza kuambukiza hadi mmoja katika kila elfu. Mwanga unaharibu vinasaba vyao, hawawezi tena kuzaliana. Kwa upande wa pili kuna adenovirusi, ambao baadhi yao huambukiza macho na koo za waogeleaji. Hao ni wagumu sana mbele ya taa ya nanomita 254, lakini klorini huwamaliza haraka. Kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake, na ukiondoa kimoja pengo linabaki wazi. Mliogopa macho mekundu mkaondoa klorini, na kumbe klorini ndiyo iliyokuwa ikizuia mojawapo ya sababu za macho mekundu.

Hili la macho nataka nilieleze vizuri, kwa sababu ndilo lililowaingiza katika safari yote hii na ni jambo la afya ya watoto. Klorini huru ya miligramu 1 au 2 kwa lita haichomi macho ya mtu. Kinachochoma ni kloramini. Hizi huzaliwa klorini inapokutana na jasho, mkojo na uchafu mwingine wa mwili wenye naitrojeni. Ile harufu kali ambayo watu huita harufu ya klorini ni ya kloramini, na mara nyingi hutokea pale ambapo klorini huru imepungua. Ndiyo sababu mtu akisikia harufu akapunguza dawa, hali huzidi kuwa mbaya. Pima klorini huru, pima klorini jumla, toa ya kwanza kwenye ya pili. Tofauti ndiyo klorini iliyofungamana. Ikizidi miligramu 0.4 kwa lita, macho yataanza kulalamika. Mimi hupenda ikae chini ya 0.2. Na hapa ndipo taa yenu itakapolipa gharama zake, maana mwanga wa urujuanimno huvunja kloramini kila maji yanapopita. Ozoni nayo huunguza mafuta ya ngozi, losheni na uchafu mwingine wa mwili kabla klorini haijapoteza nguvu kwa ajili yake. Vikifanya kazi pamoja, klorini kidogo inatosha.

Sababu nyingine ya macho mekundu ni pH, na wenye mabwawa wengi huipuuza. Machozi yetu yana pH ya karibu 7.4. pH ya maji ikiachana sana na hapo, macho huwasha hata bila kloramini. Tena pH ndiyo inayoamua klorini yenu ina makali kiasi gani. Kwenye 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini huru iko katika umbo linaloua vijidudu. Kwenye 7.5 ni nusu. Kwenye 8 inabaki kama robo, hata kama kipimo kinawaonyesha namba ile ile ya klorini. Wekeni kati ya 7.2 na 7.6. Kama pH inarukaruka, angalieni ualkali wa maji. Uwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, pH itatulia.

Tuje kwenye ukungu. Mmeandika jambo moja lililonivutia: unazidi pampu inapozunguka. Ozoni huingizwa majini kwa venturi, yaani kipande cha bomba kilichobanwa katikati ili maji yanayokimbia yanyonye gesi. Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni hewa tu, ozoni ndani yake ni kidogo. Kama hakuna tangi la kuchanganyia lenye vali ya kutoa hewa juu, au kama vali imeziba, viputo vidogo mno vinasafiri hadi bwawani na maji yote yanakuwa kama maziwa. Si uchafu hata kidogo. Vilevile, mpasuko kwenye bomba la upande wa kuvuta wa pampu, au raba ya kifuniko cha kikapu iliyokauka, huleta viputo vya namna hiyo.

Kabla ya kununua chochote, chukueni chupa safi ya kioo, ijazeni maji ya bwawa pampu ikiwa inazunguka, muiweke mezani. Ikianza kung'aa kutoka chini kwenda juu ndani ya dakika moja au mbili, tatizo ni hewa. Nendeni mkakague venturi, vali na bomba la kuvuta. Ikibaki na ukungu, mimineni maji kidogo kwenye glasi na kuongeza matone ya siki nyeupe. Ukungu ukiyeyuka, ni chokaa: pH imepanda, maji ni magumu, kalisi inajitenga. Shusheni pH, na taratibu maji yatameza chokaa yake. Ukungu usipobadilika kwa siki, achieni chupa ilale usiku kucha. Asubuhi mkikuta vumbi limetuama chini, filta yenu haikamati. Msipokuta kitu na maji bado yamefifia, hizo ni bakteria na mabaki ya uchafu madogo kupita kiasi cha kuchujwa, na kwa bwawa lisilo na klorini ndiyo sababu ninayoishuku zaidi. Inawezekana kabisa mna mbili kwa pamoja, hewa na bakteria.

Kama maji yenu ni ya kisima, liko la ziada. Ozoni hugeuza chuma na manganizi iliyoyeyuka kuwa chembe: ya chuma hutia maji rangi ya kutu, ya manganizi hufanya kahawia iliyokolea hadi nyeusi. Mkiona rangi hizo baada ya kujaza maji mapya, msidhani mtambo umeharibika. Chembe hizo zinahitaji filta tu.

Na filta ndiyo mama wa maji maangavu. UV haiondoi hata punje moja ya vumbi. Kijidudu kilichouawa na taa bado kinaelea humo humo. Ozoni kwa kiasi kidogo husaidia chembe kugandana, lakini lazima kitu kizikamate baada ya hapo. Someni geji ya presha mchanga ukiwa umetoka kuoshwa, muiandike namba hiyo kwenye tangi lenyewe kwa kalamu ya rangi. Presha ikipanda kwa nusu bar hadi 0.7 juu yake, geuzeni mkondo muoshe mchanga mpaka kioo cha kuchungulia kionyeshe maji safi. Msioshe kabla ya wakati kwa kudhani mnaisaidia filta, maana mchanga ulioanza kushika uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko ulio safi kabisa. Kwa chembe ndogo sana tumieni shabu: iyeyusheni kwenye ndoo kwa kipimo cha mtengenezaji, isambazeni, kisha zimeni pampu usiku. Asubuhi vuteni tope lililotuama na kulimwaga nje moja kwa moja, lisipite kwenye filta. Shabu hushusha pH, basi pimeni tena baadaye.

Utaratibu wa kulirudisha bwawa lenu ni huu. Shusheni pH hadi 7.2. Pigeni brashi kuta zote, ngazi, mistari ya vigae na nyuma ya skima (mdomo wa ukutani unaonyonya maji ya juu), kwa nguvu, kwa sababu ute huwakinga bakteria dhidi ya klorini na usipopasuliwa mtamwaga dawa bure. Kisha tieni klorini. Bwawa la mita za ujazo 60 linahitaji gramu 60 za klorini halisi ili kupanda kwa miligramu 1 kwa lita. Kwa klorini ya unga ya asilimia 65, hiyo ni kama gramu 92. Kufika miligramu 10 mtahitaji kama gramu 920. Zimeni taa na ozoni wakati huo, zisile dawa mliyotia, lakini pampu iendelee kuzunguka usiku na mchana. Daima tieni unga kwenye ndoo ya maji, kamwe msimimine maji juu ya unga. Na msithubutu kuchanganya unga huo na vidonge vya klorini vya aina nyingine, hata kwa kutumia kikopo kile kile, maana mchanganyiko huo unaweza kuwaka moto au kulipuka.

Pimeni jua linapozama, pimeni tena kabla halijachomoza. Klorini huru ikipungua kwa zaidi ya miligramu 1 usiku mmoja, bado kuna kitu kinaila. Ongezeni, pigeni brashi tena. Ikishikilia, kloramini ikiwa chini, na kifuniko cha bomba la chini upande wa kina kikionekana wazi kabisa, subirini klorini ishuke chini ya 4, washeni taa na ozoni, na watoto waingie.

Baada ya hapo bwawa la nje lina adui mwingine, jua. Klorini isiyo na kinga hupoteza nusu yake kwa muda usiofika saa moja chini ya jua kali. Wekeni asidi ya sianuriki, ambayo wengine huita stabilaiza, miligramu 30 hadi 50 kwa lita, isizidi. Kwa kuwa asidi hiyo hupunguza kasi ya klorini, shikilieni klorini huru isiyopungua miligramu 2. Hapo ndipo nafuu ya vifaa vyenu itakapoonekana: dawa ya kuongeza kila siku itapungua, na yale mawimbi ya kutia dozi kubwa kila watu wanapokuwa wengi yatakuwa nadra.

Mpangilio wa mabomba ni muhimu kuliko bei ya mtambo. Maji yatoke kwenye pampu, yapite filta, kisha kipasha joto kama kipo, ndipo ozoni na tangi lake, halafu taa, na klorini iwe ya mwisho kabisa. Taa ikikaa kabla ya filta, uchafu unaifunika na mwanga haufiki. Ikikaa baada ya ozoni, inavunja masalia ya ozoni kabla hayajafika kwa waogeleaji, na katika kuvunjika huko huzaliwa chembe za haidroksili ambazo ni kali kuliko ozoni yenyewe. Klorini ikitiwa kabla ya taa, sehemu yake inavunjwa bure.

Taa ya zebaki ya presha ndogo hudumu kwa takriban saa 9,000, kama mwaka mmoja ikiwaka muda wote. Itaendelea kutoa mwanga wa buluu hata baada ya hapo, na mtadhani ni nzima, lakini ule mwanga wa nanomita 254, usioonekana kwa macho, utakuwa umefifia. Hesabuni saa zake. Kioo cha kwatsi kinachoifunika hujenga ukoko wa chokaa na chuma. Kisugueni kwa siki au asidi hafifu kila baada ya miezi michache, mkivaa glavu ili mafuta ya vidole yasibaki. Hakikisheni taa inazimika pampu inapozima. Msiitazame ikiwa inawaka, na ikivunjika kumbukeni ndani mna zebaki.

Kwa ozoni, pua ni kipimo cha kwanza. Binadamu huinusa ikiwa bado ni kidogo sana, chini ya kiwango cha sehemu 0.1 kwa milioni ambacho hutumika kama kikomo kwa wafanyakazi. Mkiisikia chumba cha mashine au juu ya maji, zimeni mtambo, fungueni milango, mtafute inakovuja. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa juu ya maji pale pale pua ya mtoto ilipo. Huichanachana raba ya kawaida, basi vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye mtambo ikaguliwe mara kwa mara na mrija ubadilishwe ukianza kuwa mgumu. Kama mtambo wenu hutengeneza ozoni kwa cheche za umeme na hauna kikausha hewa, unyevu utazaa asidi ya nitriki ndani yake na kuula polepole.

Imebaki peroksidi ya jirani. Peroksidi na klorini hufutana. Mwaka 2016 kwenye Olimpiki ya Rio, bwawa la kupiga mbizi liligeuka kijani mbele ya dunia nzima. Waandaaji wakaeleza kwamba mkandarasi alikuwa amemimina lita 80 za peroksidi ya haidrojeni. Klorini ikapoteza nguvu ilhali vipimo vya mitambo vilionyesha mambo shwari, na mwani ukapata nafasi. Bwawa la pili, la kuogelea kwa mitindo, lilibidi limwagwe na kujazwa maji mengine. Kama mlikwisha kutia hata kidogo kabla ya kusoma jibu hili, msishangae klorini ikipotea kila mnapoiweka. Nunueni vipande vya kupimia peroksidi, subirini visome sifuri au endeleeni kutia klorini kidogo kidogo mpaka ianze kubaki, ndipo muanze ule utaratibu wa brashi na unga niliouandika hapo juu.